Wimbo uliozaliwa Maryland ukawa wa Chuo Kikuu cha West Virginia

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni katibu wa kwaya ya chuo chetu. Hapa kwetu “Take Me Home, Country Roads” tumeusikia redioni tangu utotoni. Juzi nimeona video ya chuo kimoja cha Marekani: mechi imeisha, na wachezaji pamoja na uwanja mzima wanauimba. Mwenzangu anashikilia kuwa wimbo huo unasema habari za Virginia, si West Virginia, na kwamba aliyeutunga hakuwa amefika huko kabisa. Ni kweli? Chuo kiliupataje? Na timu yetu ikitaka kuwa na wimbo wa namna hiyo, tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu katibu, mwenzako ana nusu ya ukweli, nayo ndiyo nusu inayosimuliwa zaidi mitandaoni. Tuanze na hiyo.

Waliotunga ni watatu: Bill Danoff, Taffy Nivert na John Denver, yule mwimbaji mnayemsikia redioni. Danoff na Nivert walikuwa wanamuziki wawili wa Washington waliojiita Fat City. Wazo liliwajia wakiwa kwenye gari katika Clopper Road, njia nyembamba yenye kona nyingi karibu na Gaithersburg, jimbo la Maryland, wakienda kwenye mkusanyiko wa ukoo wa kina Nivert. Barabara ya wimbo, kwa hiyo, haiko West Virginia wala Virginia. Na ni kweli kwamba Danoff alikuwa hajawahi kukanyaga West Virginia alipoanza kuutunga.

Lakini jina la jimbo hilo halikudondoka tu kutoka hewani. Danoff alikulia Springfield, Massachusetts, na huko usiku alikuwa akinasa WWVA, kituo cha redio cha mji wa Wheeling, West Virginia, kinachorusha kwa wati 50,000. Masafa ya kati yana tabia hiyo: jua likizama, mawimbi hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Kwa hiyo West Virginia kwake ilikuwa sauti ya muziki wa kantri kutoka mbali kabla haijawa mahali. Baadaye alikuwa na rafiki wa huko, mwigizaji Chris Sarandon, mzaliwa wa Beckley, ambaye kwa bahati alisoma katika Chuo Kikuu cha West Virginia chenyewe. Tena kulikuwa na kundi la vijana walioishi pamoja shambani West Virginia ambao walikuwa wakija kwenye maonyesho yake na mbwa wao. Danoff alifikiria pia kuliweka jimbo lake la Massachusetts; lina silabi nne, idadi ile ile, na lingekaa kwenye muziki bila shida. Akaliacha.

Nia ya kwanza ilikuwa kumuuzia Johnny Cash. Halafu ikaja wiki ya baada ya Krismasi 1970. Denver alikuwa akitumbuiza Cellar Door, ukumbi mdogo mtaa wa Georgetown, Washington, na Fat City walikuwa wakimtangulia jukwaani. Usiku wa 29 Desemba, baada ya onyesho, Denver alipata ajali ya gari akavunjika kidole gumba. Alitibiwa, kisha akaenda nyumbani kwa Danoff na Nivert badala ya kulala. Walimwimbia kile walichokuwa nacho. Akaupenda papo hapo, nao watatu wakakaa mpaka alfajiri wakiumalizia. Kipande cha kati, kile cha sauti ya asubuhi na redio ndani ya gari, kilizaliwa usiku huo. Ubeti mmoja wa awali uliokuwa na watu uchi na mbwa mla wali ulitupwa, kwa sababu hakuna redio ambayo ingeupiga. Jioni ya 30 Desemba waliuimba hadharani kwa mara ya kwanza, na watu wakapiga makofi kwa dakika kadhaa.

Sasa jiografia, maana hapo ndipo mwenzako anapopata nguvu. Ubeti wa kwanza unataja Milima ya Blue Ridge na Mto Shenandoah. Vyote viwili, kwa sehemu kubwa, viko Virginia. West Virginia huvigusa kwenye pembe yake ya mashariki tu, Kaunti ya Jefferson, ambako Shenandoah unamwaga maji kwenye Mto Potomac pale Harpers Ferry. Kutoka hapo hadi Morgantown, mji wa chuo, ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Ila ukishikilia kwamba watunzi walimaanisha “magharibi ya Virginia”, utakwama kwenye ubeti wa pili: wachimba migodi, vumbi jeusi, pombe ya kienyeji ya milimani. Hiyo ndiyo nchi ya makaa ya mawe, na jimbo linalojiita rasmi Jimbo la Milima ni West Virginia, lililojitenga na Virginia wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuwa jimbo kamili tarehe 20 Juni 1863. Ramani ya watunzi ilikuwa na kasoro, lakini jina walilitaja kwa makusudi.

Rekodi ilifanywa New York Januari 1971, ikaingia kwenye albamu “Poems, Prayers & Promises” ya kampuni ya rekodi ya RCA, na sahani yake ilitoka Aprili kwa majina mawili, Denver pamoja na Fat City. Ilipanda polepole mno hata kampuni ikataka kuiacha. Denver akawasihi waendelee kuisukuma. Kufikia 18 Agosti ilikuwa imepewa cheti cha dhahabu, yaani nakala milioni moja, na mwisho wa mwezi huo ikashika nafasi ya 2 kwenye chati kuu ya Marekani. Angalia jambo hili lakini: kwenye chati ya muziki wa kantri iliishia nafasi ya 50. Wenye kantri hawakumkubali Denver upesi. Mwaka 1975 alipotajwa mwanamuziki bora wa mwaka kwenye tuzo za muziki wa kantri za Nashville, mtangazaji wa mshindi, Charlie Rich, aliiwasha moto ile kadi mbele ya kamera. Nyinyi wa Rift Valley mliomsikia Denver redioni pamoja na Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers mlimpa uraia wa kantri bila masharti hayo.

Chuo kiliupataje? Hakuna aliyeutunga kwa ajili ya chuo, na hakuna kikao kilichopiga kura. Mwaka 1972 bendi ya matarumbeta ya chuo, inayojiita Pride of West Virginia na iliyoanza 1901 kama kikundi kidogo cha kijeshi cha wanaume, iliuweka kwenye onyesho lake la kabla ya mechi za nyumbani za futiboli ya Kimarekani. Tangu hapo haujatoka. Siri ya jambo zima iko hapo: mahali pale pale, saa ile ile, kila mechi ya nyumbani, mwaka hata mwaka. Mwanafunzi anayeingia leo anaukuta umeshakuwepo kabla hata wazazi wake hawajazaliwa.

Lakini kurudia peke yake hakutoshi. Vyuo vingi vilijaribu nyimbo za redioni zikafa baada ya msimu mmoja. Huu ulikuta udongo wake. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 2,005,552 West Virginia. Ya 1970 ikahesabu 1,744,237. Ndani ya miaka 20 jimbo lilipungukiwa na watu zaidi ya robo milioni, licha ya watoto waliozaliwa katikati. Mashine zilikuwa zimeingia migodini, mchimbaji mmoja akafanya kazi ya wengi, na familia zikahamia viwanda vya Ohio na Michigan. Wimbo wa mtu aliye mbali anayeomba barabara imrudishe kwao ulitua katikati ya hali hiyo. Wale watunzi wa Washington hawakupanga hivyo. Ugeni wao, kwa maoni yangu, hata ulisaidia: mzaliwa angetaja kijiji chake na mgodi wake, na watu wa bonde la pili wangeona hauwahusu.

Jambo la pili ni kwamba West Virginia haina timu kubwa ya kulipwa, si ya futiboli, si ya mpira wa kikapu, si ya besiboli. Timu ya chuo ndiyo timu ya jimbo. Mtu ambaye hajasoma hata darasa moja pale Morgantown huvaa dhahabu na buluu Jumamosi. Chuo kilichoanzishwa 1867 kama chuo cha kilimo kikajikuta kimebeba jina la jimbo zima kila wikendi ya msimu, na wimbo wenye jina hilo kwenye kiitikio ukafaa kama ulioagizwa.

Kisha ikaja 6 Septemba 1980. Chuo kilikuwa kimeacha uwanja wake wa zamani wa katikati ya mji na kuhamia mpya wa watu 50,000. Siku hiyo ya kuuzindua, ikiwa pia mechi ya kwanza ya kocha Don Nehlen, John Denver alikuja mwenyewe, akasimama uwanjani akauimba na umati. Timu ikaifunga Cincinnati 41 kwa 27. Ukiuliza watu wa Morgantown wimbo ulianza lini, wengi watakutajia siku hiyo, ingawa bendi ilikuwa imeshaupiga kwa miaka minane. Ile video yako ya wachezaji wameshikana mabega mbele ya jukwaa la wanafunzi ni desturi ya mwisho wa mechi, na ina sharti moja: timu iwe imeshinda. Ikifungwa, watu huondoka zao bila wimbo. Sharti hilo ndilo linaloufanya usichoshe.

Ni vizuri ujue pia kwamba wimbo huu si wimbo rasmi wa chuo. Chuo kina wimbo wake wa heshima unaoimbwa kwenye mahafali, na kina “Hail, West Virginia” wa 1915, ule wa kushangilia bao. “Country Roads” uko pembeni ya hiyo miwili na unajulikana kuliko yote miwili ikiwekwa pamoja. Sheria ilikuja nyuma sana: Machi 2014 ndipo bunge la jimbo lilipoutangaza kuwa mmoja wa nyimbo rasmi za jimbo, wa nne, miaka 42 baada ya bendi. Mwaka 2017 idara ya utalii ya jimbo ikapata haki ya kuutumia kwenye matangazo. Soma tena mpangilio huo, maana wengi hutaka kuanza na tamko la mkuu wa chuo ndipo watafute waimbaji.

Jimbo la Tennessee nalo lilipita njia hiyo hiyo kwa “Rocky Top”, wimbo ulioandikwa 1967 na Felice na Boudleaux Bryant. Bendi ya Chuo Kikuu cha Tennessee nayo ilianza kuupiga 1972. Ukawa wimbo wa jimbo 1982. Na hadi leo si wimbo rasmi wa timu. Tofauti ni kwamba kampuni ya familia ya Bryant inalinda jina kwa ukali. Mji mdogo wa Lake City ulipoamua kubadili jina kuwa Rocky Top mwaka 2014, kampuni iliwafungulia kesi. Kuimba ni jambo moja, kuchapa jina la wimbo kwenye fulana na mabango ni jambo lingine kabisa.

Haya, timu yenu.

Amueni nafasi kabla ya kuamua wimbo. Nafasi nzuri ni ile ambayo watu tayari wamesimama na hawana la kufanya: timu zikiingia, au baada ya kipenga cha mwisho. Mapumziko hayafai, maana nusu ya watu wako kwenye foleni ya soda. Mkiweka baada ya ushindi tu, msilegeze sharti hata kwa sare tamu.

Fundisheni kiitikio peke yake. Beti mpeni mwimbaji mmoja au kwaya. Umati hauwezi kubeba beti mbili na kipande cha kati bila karatasi. Rekodi ya Denver iko doh ni A, kwa mwendo wa mapigo kama 82 kwa dakika. Kodi zake ni A, F-shapu maina, E na D. Kwenye kipande cha kati inaingia kodi ya G, ambayo haimo kwenye skeli ya A, na hapo ndipo waimbaji wasio na msaada wa ala hupotea, kwa hiyo gitaa au kinanda kishike imara sehemu hiyo. Mpiga gitaa anayeanza acheze maumbo ya G, E maina, D na C huku kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, ikiwa kwenye freti ya pili. Itatoka A ile ile. Wanaume wakilalamika kuwa kiitikio kiko juu, toeni kapo mwimbe kwa G.

Mkiwa na matarumbeta, msiwalazimishe doh ya A. Tarumbeta la kawaida ni la B-flati, na A ya kinanda kwake inageuka B yenye shapu tano. Vijana watachanganyikiwa na sauti itakuwa chafu. Pandisheni nusu hatua hadi B-flati, kwao inakuwa C safi, au mshuke hadi A-flati kama waimbaji hawafiki juu.

Tatizo kubwa la uwanjani ni kuchelewa kwa sauti, na watu huulaumu umati bure. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Shabiki aliye mita 100 kutoka kwenye bendi anaisikia ikiwa imechelewa kwa takriban sekunde 0.3. Kwa mapigo 82, pigo moja ni sekunde 0.73. Kwa hiyo yule wa upande wa pili yuko karibu nusu pigo nyuma, naye akiimba, sauti yake inarudi kwa bendi ikiwa imechelewa mara mbili. Bendi ikianza kuusikiliza umati badala ya kumtazama kiongozi, mwendo unashuka kila mstari mpaka wimbo unakuwa wa matanga. Mweke kiongozi juu ya kitu kirefu, apige mkono mpana unaoonekana pande zote, na wapiga ngoma wakatazwe kabisa kufuata sauti ya mashabiki. Mkitumia spika, ziwe upande mmoja pamoja na bendi. Spika za pande mbili zinazotazamana humpa shabiki wa katikati wimbo mara mbili. Na watu wote waimbao wawekwe jukwaa moja karibu na bendi, kama kule Morgantown, ambako wachezaji huenda kwa wanafunzi badala ya kubaki katikati ya uwanja.

Mwisho ni haki. Danoff na Nivert wako kwenye orodha ya watunzi pamoja na Denver, aliyefariki kwa ajali ya ndege Oktoba 1997, na wimbo bado uko chini ya hakimiliki. Kuuimba hadharani uwanjani kunahitaji leseni ya kutumbuiza, na mara nyingi mwenye ukumbi ndiye anayeilipia, kwa hiyo ulizeni utawala wa uwanja kwanza. Kwa Kenya, waulizeni KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni chama kipi cha kukusanya mirabaha ya watunzi kina leseni mwaka huo. Tanzania ni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Leseni hiyo inaruhusu kuimba tu. Mpangilio mpya wa matarumbeta ulioandikwa upya, rekodi ya kuuza na video ya kupandisha mtandaoni, kila kimoja kina ruhusa yake kutoka kwa wamiliki wa wimbo, na video ndiyo inayowaponza wengi kwa sababu mtandao huitambua sauti na kuizima ndani ya dakika chache.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila mtu huliuliza: je, tunaweza kutoa “West Virginia” tukaweka jina la kaunti yetu? Toots and the Maytals walifanya hivyo 1973, wakaimba “West Jamaica” kwa rege, na toleo lao ni zuri kuliko mengi. Lakini kubadili maneno ni kuigusa kazi yenyewe, na ruhusa yake hutolewa na wachapishaji wa wimbo, si na chama cha mirabaha. Andikeni mstari mnaotaka kubadili jinsi utakavyoimbwa, utumeni pamoja na maelezo ya mahali na mara ngapi utatumika, na jina lenu libaki na silabi nne, mkazo wake ukidondoka pale pale kwenye pigo. Na-ku-ru ni tatu, kwa hiyo mtahitaji neno moja dogo mbele yake.